Waliosema Jua Letu Ni Dogo

Mama alikuwa na nyumba ndefu nyuma ya stendi ya mabasi, Haydom, na kazi yake ilikuwa kulaza watu waliokuja kuuguza. Mgonjwa anapata kitanda hospitali, lakini ndugu aliyemleta naye anahitaji mahali pa kulala, mahali pa kupika uji na kuanika nguo. Mabasi yalipofika jioni, meupe kwa vumbi, mimi na mama tulisimama mlangoni tukawapokea watu mizigo kabla hawajauliza bei.

Nyumba hiyo aliijenga baba miaka ya ruksa, maduka yaliyokuwa matupu yalipoanza kujaa tena na mabati yakapatikana bila kibali na bila foleni. Baba alizaliwa Masieda, ndani ya tembe, udongo chini na udongo juu, na paa la bati lilikuwa ndoto yake tangu ujana. Aliezeka nyumba nzima kwa mabati mapya, paa moja refu lililoelekea kaskazini, na lilipopigwa na jua liliwaumiza macho hata watu wa barabarani. Hakulifaidi sana. Aliugua akafa, akamwachia mama nyumba, paa na mimi.

Mchana chini ya yale mabati hapakukalika. Wageni walitoka vyumbani wakakaa ukutani upande wenye kivuli, wakihama kadiri kivuli kilivyohama. Mahindi tuliyoanika uani yalikauka upesi kuliko ya majirani, kwa sababu bati la kibanda cha jikoni liliyarudishia joto. Lakini jua likizama tulikuwa na kibatari, basi. Jua lote lile, halafu kibatari.

Mwanamke aliyeungua alitoka Balangdalalu. Alikuwa Mbarbaig, mrefu, si msemaji, amevaa gauni la ngozi na bangili za shaba zilizojaa mikononi kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Mumewe alikuwa amepigwa pembe na dume, amelazwa, na yeye alikuja kumuuguza. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kila asubuhi alimwamkia mama, "Shikamoo," akasubiri kuitikiwa ndipo aende kuchota maji. Mama alimpenda kwa hilo. Alimpa chumba cha mwisho, kile chenye dirisha, na jioni walikaa pamoja wakichambua maharage, kila mmoja akizungumza lugha yake na kuonyesha kwa vidole.

Jioni aliyoungua bado kulikuwa na mwanga kidogo nje. Alirudi kutoka hospitali, akaingia chumbani, akawasha kibatari ili atafute shuka ya kumpelekea mumewe. Nilikuwa jikoni. Nilisikia mlio kama wa turubai likipigwa na upepo, halafu ukelele. Mama alinitangulia. Nilipofika mlangoni mama alikuwa ameshamwangusha chini na kumfunika blanketi, naye alikuwa akirukaruka chini ya lile blanketi kama samaki. Nikamwaga maji ya ndoo nzima. Moto ulizimika. Kilichoendelea kuunguza zilikuwa bangili. Shaba ilikuwa imeshika joto, ikakaa palepale juu ya ngozi, na hatukuweza kuzivua kwa sababu zilivaliwa zikabana tangu alipoolewa.

Hospitali, muuguzi mmoja alizikata kwa koleo, moja baada ya nyingine, akimwomba radhi kila alipokata. Mwanamke hakulia. Alisema maneno machache kwa lugha yake, na mtu mmoja aliyekuwa anaielewa akatuambia anaomba zisitupwe. Basi nikazipokea kwenye kanga. Wakati ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na kazi niliyoipata ilikuwa kupeleka salamu. Mume alilazwa huku, mke kule, hakuna aliyeweza kutembea kumfikia mwenzake. Asubuhi nilimwambia mume, "Amekula." Nikazunguka, nikamwambia mke, "Amekaa mwenyewe leo." Kila mmoja aliuliza jambo lilelile: amelala? Nami nilijibu ndiyo hata pale ambapo sikujua.

Asubuhi iliyofuata baada ya moto, mama alichukua chupa yenye mafuta yaliyobaki, akafunga kanga kiunoni, akaenda dukani yalikonunuliwa. Nilimfuata. Alimwaga mafuta kidogo chini, mbele ya mlango wa duka, akawasha njiti akaitupa. Moto uliruka juu kuliko magoti yetu.

"Haya ni mafuta ya taa?" mama aliuliza.

Mwenye duka aliutazama ule moto bila kushtuka. "Mama, mimi nauza nilicholetewa."

"Umeletewa petroli iliyochanganywa, na unajua."

"Kamwulize aliyeniletea."

"Yuko wapi?"

"Anakuja na gari. Siku nyingine anakuja, siku nyingine haji."

Tulikwenda kwa mtendaji. Mtendaji akasema alete ushahidi. Mama akasema ushahidi umelazwa hospitali hauna ngozi mikononi. Mtendaji akasema suala la ubora wa mafuta linashughulikiwa ngazi za juu. Mtu aliyekuwa amekaa pale akisubiri barua yake akadakia kwamba sasa ni soko huria, kila mtu anauza anachotaka, na mnunuzi awe macho. Alisema hivyo kama mtu anayesoma habari njema. Nilitaka kumpiga. Mpaka leo nikimkumbuka mikono inaniwasha, na sura yake nimeshaisahau, nakumbuka tu shati lake la vifungo vya kahawia na jinsi alivyotikisa mguu.

Siku hiyohiyo mama alikusanya vibatari vyote vya nyumba akavikanyaga uani mpaka vikawa bati bapa. Alisimama katikati ya ua akawaambia wageni, "Kuanzia leo mafuta ya taa hayaingii kwenye nyumba yangu. Asiyetaka giza, nyumba za wageni ni nyingi."

Wengi walihama. Tulitumia tochi, na betri za tochi nazo zilikuwa zile za kung'aa dukani na kufa nyumbani. Watu wa stendi walituita Hoteli ya Giza, na wapiga debe waliwaambia abiria hivyo mbele yetu huku wakicheka.

Mchungaji wetu alikuwa na paneli moja ya sola iliyoletwa na watu wa kanisa. Mama alikuwa akienda kwenye maombi ya jioni anaitazama ile taa nyeupe sebuleni, isiyo na moshi wala moto, na akatoka kwenye yale maombi akiwa amewaza mambo mengine kabisa. Alimuuliza mchungaji inakula nini. Mchungaji akamwambia inakula jua tu. Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu ule moto. "Hicho tunacho," akasema.

Aliuza dume alilokuwa amelifugisha Masieda kwa mjomba, na tukapanda basi mimi na yeye hadi Arusha. Wakati huo Mbulu na Hanang zilikuwa bado mkoa wa Arusha, na kila kitu cha maana, kuanzia barua za serikali mpaka vipuri vya baiskeli, ulikifuata huko. Tuliingia kwenye duka lenye vioo na feni. Muuzaji alimwamkia mama vizuri sana, "Shikamoo mama yangu," akamwekea kiti, akatuagizia soda baridi. Alituonyesha paneli iliyofungwa kwenye nailoni, akasema ni ya Ulaya, itawasha vyumba vyote na redio juu. Akatuonyesha betri. Akawasha taa moja kwa hiyo betri, mle ndani dukani, chini ya feni. Mama aliitazama kama mtu anayemtazama mtoto mchanga.

Fundi aliipandisha paani. Jioni ya kwanza vyumba viliwaka, na mama alipita mlango kwa mlango akiwasha na kuzima, akiwasha na kuzima, mpaka mgeni mmoja akamwomba aache maana alikuwa anataka kusali. Tulikaa hivyo majuma machache tukijiona watu. Halafu taa zikaanza kuchoka mapema. Baada ya muda ziliwaka wakati wa kula tu, kisha ukaona uzi mwekundu ndani ya balbu, kisha hata huo ukatoweka. Betri ilivimba ubavuni. Fundi alipanda, akafuta vumbi, akakaza nyaya, akashuka akasema haoni kosa lake. Hakuwa na kosa.

Tulirudi Arusha. Mama aliibeba paneli mapajani safari nzima, imefungwa kwenye shuka, na kila basi liliporuka shimo aliikumbatia. Muuzaji alikuwa yuleyule, kiti kilikuwa kilekile, ila soda haikuja.

"Paneli yangu nzima, mama," alisema bila kuifungua shuka. "Mnatoka wapi vile?"

"Haydom."

"Haydom ni Mbulu huko? Huko si kuna baridi na mawingu?" Akamgeukia mwenzake wakatabasamu. "Labda jua la kwenu ni dogo."

Mama alimsogezea sikio, kama hakusikia vizuri. "Unasema?"

"Sola inategemea jua, mama. Kama jua la kwenu ni dogo, mimi nifanye nini?"

"Umewahi kufika kwetu?"

"Sijafika, lakini—"

"Mimi nimelima chini ya jua hilo tangu nikiwa msichana. Nimeanika mahindi, nimeanika matofali ya nyumba yangu. Wewe unaniambia ni dogo?"

"Mama, usipandishe sauti. Hii ni biashara huria, hukulazimishwa kununua."

Alimwita mlinzi. Mlinzi alikuwa mtu mzima, aliona aibu, akamwambia mama, "Twende dada, twende taratibu." Tukatoka na paneli yetu. Basi lilipita Karatu likaanza kupanda. Ndipo mama akasema, akitazama dirishani, "Wizi wake ningeuvumilia. Lakini amenifanya mjinga wa jua la kwangu mwenyewe." Alirudia neno *dogo* mara kadhaa, polepole, kama anatafuna kitu kichungu asichotaka kukitema.

Mwanamke wa Balangdalalu alipona kwa namna yake. Vidole vya mkono wa kulia vilishikana viwili viwili, na shingo ilivutwa upande mmoja. Mumewe alitoka akichechemea. Waliondoka pamoja kwa basi la Katesh, na mama akamrudishia bangili zake zilizokatwa zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Kuanzia hapo, kila mtu wa kwao alipokuja kuuguza Haydom, alilala kwetu na alileta salamu, na mara nyingine kibuyu cha maziwa ya mgando. Giza letu hawakulijali. Hao ndio waliotulisha miaka ile.

Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, kila ofisi ilijaa mipango. Magari mapya yalipita Haydom na watu waliovaa kofia, wakapima barabara, wakapima visima, wakapima urefu wa watoto shuleni. Mwaka mmoja wakaja wa jua.

Walikuwa wataalamu wachache, wengine wa hapa nchini, wengine wageni. Walitaka paa refu lililoelekea kaskazini, lisilo na kivuli cha mti. Mwenyekiti wa kitongoji aliwaleta kwetu. Kiongozi wao, kijana mpole mwenye miwani, alimwambia mama kwamba wanapima uwezo wa mji mzima kuzalisha umeme wa majumbani kwa jua, na wanaomba kuweka chombo juu ya paa letu.

"Hicho chombo kitapima jua?" mama akauliza.

"Ndiyo mama."

"Kikimaliza utaniambia ni dogo au ni kubwa?"

Kijana alicheka, akidhani ni utani. "Tutawaambia wananchi wote, mama."

Mama alikubali bila kudai kitu. Waliweka juu ya paa kidude chenye kioo cha duara kama nusu ya chungwa, na kando yake paneli yao ndogo ya kukilisha hicho kidude. Walimfundisha mama kufuta vumbi kwa kitambaa laini, naye kila asubuhi alipanda ngazi, mwanamke mtu mzima mwenye magoti mabovu, akafuta. Aliwafukuza kunguru. Alimzuia jirani asichome takataka kwa sababu ya moshi. Msimu mzima wa kiangazi alikilinda kile kioo. Kidude kile kilikuwa na kitaa cha kijani kilichowaka mchana na usiku, kikilishwa na ile paneli ndogo, na chini yake, ndani ya nyumba ileile, wageni wetu walipapasa ukutani wakitafuta mlango wa choo. Nilimwambia mama hilo. Akaniambia ninyamaze, tusubiri jibu.

Wenzao walipita mitaani wakipima mapaa mengine kwa futi na kuchora. Hata nyumba za nyasi walizihesabu, wakaandika hazifai.

Jibu lilitolewa kwenye ukumbi wa kata. Watu walijaa. Walikuja na mashine ya kuonyesha picha ukutani, na kwa kuwa ukumbi haukuwa na umeme, nje waliwasha jenereta. Mchana ulikuwa mweupe. Waliziba madirisha kwa mablanketi ili jua lisiharibu picha, wakawasha jenereta la petroli, na kwa kelele za jenereta hilo wakatueleza habari za jua. Nilitazama huku na huku nione kama kuna mwingine aliyekasirika. Watu walitazama picha.

"Mapaa ya mji huu," kijana wa miwani alisema kwa sauti kubwa ili asikike, "yakivishwa paneli, kila nyumba itawaka, na umeme mwingine utabaki wa kuendeshea mashine. Mji huu una utajiri mkubwa wa jua."

Watu wakapiga makofi. Mama akanyoosha mkono, akasimama kabla hajaruhusiwa.

"Kwa hiyo si dogo."

"Si dogo hata kidogo, mama. Ni kubwa mno."

"Asante. Nilikuwa najua. Sasa tutawaka lini?"

Kijana alivua miwani akaifuta. "Mama, hii ni hatua ya utafiti. Kazi yetu ilikuwa kuonyesha kwamba inawezekana."

"Na ya nani kazi ya kuwasha?"

"Ni ya wadau."

"Wadau ni nani?"

"Serikali, sekta binafsi, na ninyi wenyewe wananchi."

"Sekta binafsi ninaijua," mama alisema. "Iliniuzia paneli ya uongo, ikaniambia jua la kwetu ni dogo. Katika kupima kwenu, mlipima na hilo? Mliwapima wanaotuuzia?"

Ukumbi ulicheka, na kicheko kile hakikuwa cha kumcheka mama. Kijana alitazama karatasi zake. Nadhani alikuwa mtu mwema, na hilo liliniudhi zaidi, maana usingeweza hata kumchukia vizuri. Akasema kwamba suala la ubora wa bidhaa halikuwa sehemu ya utafiti. Mwenyekiti akasimama haraka. "Mama, kaa chini. Tusiwakatishe tamaa wageni."

Mama alikaa. Nje kulikuwa na pilau kwa ajili ya wageni na viongozi. Kesho yake walipanda paani kwetu wakafungua kidude chao na paneli yao ndogo, wakamshukuru mama sana, wakampa fulana yenye picha ya jua linalotabasamu. Mabati yalibaki na matundu ya misumari, na mvua za kwanza zilivuja juu ya kitanda cha mgeni aliyekuwa akiuguza mama yake. Baada ya muda mrefu kitabu chao kilifika ofisi ya kata. Nilikwenda kukisoma. Kilikuwa cha Kiingereza, kizito, na ndani kulikuwa na picha ya paa letu. Mtu aliyekuwa akifuta kioo chao kila asubuhi hakutajwa popote. Nilikirudisha mezani na kuondoka bila kumuaga karani, jambo ambalo si tabia yangu.

Ile fulana mama aliifanya kitambaa cha kudekia.

Kitu kilichotusaidia kilitoka kwa dereva wa lori aliyelala kwetu kwa siku chache akimuuguza mkewe. Alisikia mama akilalamika, akatoa kwenye gari lake balbu ya taa ya breki, akaiunganishia nyaya mbili. "Iunganishe moja kwa moja kwenye paneli, juani, bila betri," alimwambia. "Paneli nzuri itaiwasha mpaka ushindwe kuitazama. Mbovu utaiona." Mama alijaribu kwenye paneli yetu ya Arusha. Ikatoa wekundu hafifu, kama sigara ya mtu aliye mbali. Akaenda kwa mchungaji, akaomba, akajaribu kwenye ile ya kanisa. Balbu ikawaka mchana kweupe hadi akafumba macho. Alirudi nyumbani akitembea haraka, ile balbu ameishika kama yai.

Muda si mrefu zikaja salamu kutoka Balangdalalu. Yule mwanamke na mumewe walitaka kununua sola, na walitaka mama awepo. Tukaenda siku ya mnada.

Siku hizo paneli zilikuwa zimeshafika mpaka minadani, zikipangwa chini pamoja na masufuria na kandambili. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na nyingi, na alizipanga zote kivulini, chini ya turubai la bluu. Mama alimwamkia yule mwanamke kwa kumkumbatia, wakashikana mikono muda mrefu, kisha wakasogea pamoja kwenye lile turubai. Mume alisimama nyuma yao na fimbo yake, pamoja na ndugu zake.

"Naomba uitoe hii juani," mama akamwambia mfanyabiashara.

"Mama, chagua hapohapo. Zote ni mpya."

"Itoe juani nione."

"Jua litaipausha."

Mama akamtazama. "Paneli ya sola itapaushwa na jua?"

Watu waliokuwa karibu wakaanza kusogea. Mfanyabiashara akaona aibu, na aibu ikamgeuka hasira, lakini hakuthubutu kuimalizia kwa mama. Akamgeukia yule mwenye gauni la ngozi. "Na we Mang'ati, umeme unautakia nini? Kumulikia ng'ombe?"

Jina lile wao hawalipendi, na wanaume waliokuwa nyuma walilisikia. Fimbo zikainuka kidogo. Nilimwona mume akipiga hatua na mguu wake mbaya. Mama akanyoosha mikono miwili kuwazuia, lakini aliyewatuliza hakuwa mama. Mwanamke yule alijipenyeza mbele, akaitoa mikono yake nje ya shuka, akamnyooshea mfanyabiashara karibu kabisa na uso wake. Vidole vimeshikana, ngozi inang'aa kama nailoni. Akasema kwa Kiswahili chake kidogo, taratibu, kila mtu akasikia:

"Mimi nataka taa haina moto."

Hakuna aliyecheka. Mfanyabiashara alitazama ile mikono, akatazama chini.

"Hatukupigi," mama akamwambia. "Hatuchukui kitu chako bure. Toa paneli, moja moja, juani."

Akatoa. Ya kwanza, balbu ikatoa wekundu tu. Ya pili hivyohivyo. Watu wakaanza kuguna. Akatoa nyingine na nyingine, zote kubwa, zote zinang'aa, zote bure kabisa, mpaka akafika kwenye moja iliyokuwa chini ya zingine, imechubuka pembeni, na balbu ikalipuka kwa mwanga hata mama akaigeuzia uso. Mume akasema, "Hii." Wakailipa palepale.

Sasa wakaja wengine waliokuwa wamenunua asubuhi, wamezibeba kwapani, wakimwomba mama awajaribie. Mzee mmoja yake ilipotoa wekundu alikaa chini palepale kwenye vumbi, akaiweka magotini, akainamisha kichwa. Alikuwa ameuza ndama. Nilimwelewa kwa jinsi alivyokaa, maana ndivyo mama alivyokuwa amekaa kwenye basi la Arusha.

Mgambo wa mnada akafika. Nilifurahi nilipomwona, Mungu anajua. Nilidhani amekuja kwa ajili ya mwizi.

"Mama," akasema, "wewe ndiye unayevuruga biashara za watu hapa?"

"Mimi?"

"Una kibali cha kupima bidhaa?"

Mama alimnyooshea ile balbu aione. Ni mimi niliyejibu, kwa kelele, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikimwonyesha yule mzee aliyekaa chini. Mgambo aliniambia nitawekwa ndani. Wale wanaume wenye fimbo wakasogea wakatuzunguka, kimya, na mgambo akaona ni afadhali aende kusimamia upande wa ng'ombe. Wachache walirudishiwa pesa zao kwa kugombana. Wengi hawakurudishiwa. Tukiwa bado tunabishana, msaidizi wa yule mfanyabiashara alikuwa ameshapakia mali kwenye pikapu, wakaondoka kwa kasi, na kila mtu pale alijua wanakwenda mnada wa kesho, upande mwingine, kwa watu wasio na balbu.

Jioni ile tulikuwa nyumbani kwa yule mwanamke na mumewe. Paneli haikuweza kukaa juu ya tembe, hivyo shemeji zake walichimbia nguzo nene nje ya zizi wakaifunga huko, mbali na mbuzi. Fundi wa Katesh alileta betri iliyojaa, akaunganisha waya mpaka ndani. Swichi ilikuwa ya kubonyeza, na vidole vya yule mwanamke havikuweza, basi aliiwasha kwa upande wa kiganja. Chumba kikawa cheupe. Aliona masizi ya miaka yote ukutani, akaona utando wa buibui, akacheka kwa aibu, akachukua ufagio hapohapo akaanza kufagia, na mama akamnyang'anya ufagio akafagia yeye. Mume alikaa kwenye kigoda akiwatazama, amenyoosha ule mguu.

Mama naye alinunua yake miezi iliyofuata, ameijaribu juani mbele ya muuzaji, na vyumba vyetu viliwaka. Wanawake wa stendi walianza kuja kuazima balbu kabla ya kwenda kununua, na wauzaji wa Haydom wakazoea kuambiwa watoe mali nje. Hilo tulilipata. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Lakini asubuhi ile tulipokuwa tunarudi kutoka Balangdalalu, tumekaa kwenye basi tukisubiri lijae, nilimuuliza mama kama amefurahi.

"Kwa ajili yake nimefurahi," alisema. "Yule mzee je? Alirudi nyumbani akamwambia nini mke wake?"

Mama alifungua dirisha, maana jua lilikuwa limeshaanza kuchoma ndani ya basi, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akaniambia nimwulize kondakta tunasubiri nini.